Namna ya Kumuuliza Waziri kwa Maandishi Hadi Ajibu

Hotuba hii ilitolewa kwa wasaidizi wa wabunge, watafiti wa kamati na wafuatiliaji wa sera za umma. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika mapema.

Tarehe 9 Februari 1721, Lord Cowper alisimama katika Baraza la Malodi la Uingereza akauliza kama ni kweli kwamba Robert Knight amekamatwa Brussels. Knight alikuwa mweka fedha mkuu wa Kampuni ya South Sea, kampuni iliyoporomoka ikawafilisi watu wengi, naye alikuwa ametoroka nchi. Waziri akathibitisha kuwa ni kweli. Hilo ndilo swali la kwanza la kibunge linalojulikana katika kumbukumbu za nchi hiyo.

Litazameni vizuri. Mtu mmoja, mahali pamoja, tukio moja. Halina utangulizi, halina lawama, wala halina "kwa kuwa wananchi wangu wameteseka kwa muda mrefu". Waziri hana pa kujificha: mtu huyo amekamatwa au hajakamatwa.

Sasa chukueni karatasi yoyote ya maswali mliyonayo mkononi. Mnakuta nini? "Je, Serikali ina mpango gani wa kuboresha huduma ya maji vijijini?" Jamani, kuna Serikali gani duniani isiyo na mpango? Jibu la swali hilo limeshaandikwa kabla mbunge hajaliuliza: Serikali inatambua umuhimu wa maji, mchakato unaendelea, na kazi itafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge amejibiwa, kanuni zimetimizwa, na hakuna mtu anayejua chochote ambacho hakukijua jana.

Leo nataka tuzungumzie swali la kujibiwa kwa maandishi, lile lisilo na kamera wala makofi. Wengi hulidharau kwa sababu halimpi mbunge dakika za kuonekana. Lakini ndilo linalobeba jedwali la kurasa sita. Ndilo linalobeba takwimu za kila wilaya, ambazo waziri hawezi kuzisoma kwa sauti ndani ya dakika mbili. Na jibu lake linabaki kwenye Taarifa Rasmi, yaani kumbukumbu za Bunge, likiwa na jina la waziri chini yake.

Haki ya kuuliza si hisani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 63(3)(a), inalipa Bunge uwezo wa kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 153(3), inamlazimu waziri kufika mbele ya kamati ya Bunge anapotakiwa, na kujibu maswali kuhusu jambo lililo chini yake.

Ila haki hiyo ina mgao. Ujerumani, mbunge mmoja anaruhusiwa maswali manne ya maandishi kwa mwezi, na jibu linatakiwa ndani ya wiki moja. Ufaransa, mbunge wa Baraza la Taifa ana maswali 52 kwa mwaka, na Serikali ina miezi miwili ya kujibu. Kanada, mbunge anaweza kuwa na maswali manne tu kwa wakati mmoja kwenye orodha, na akitaka jibu ndani ya siku 45 anaomba hivyo. Bunge la Ulaya linampa mbunge maswali 20 kwa miezi mitatu. India inadai notisi ya siku 15 kamili. Fungueni Kanuni za Kudumu za Bunge lenu mhesabu mna mangapi. Kisha mjiulize: ni mangapi kati ya hayo yalikwenda kwenye "mpango gani"?

Nani hasa anaandika jibu?

Si waziri. Swali likishapokelewa na ofisi ya Katibu wa Bunge na kukubaliwa, linapelekwa wizarani. Dawati la masuala ya Bunge linalisoma na kulipeleka idara husika. Huko linaangukia mezani kwa ofisa wa ngazi ya kati, mtu mwenye kazi zake nyingine, aliyepewa siku chache. Anaandika rasimu. Mkurugenzi anaipitia, watu wa fedha na sheria wanaipitia, Katibu Mkuu anaipitia, ndipo inafika kwa waziri.

Mkishamjua huyo ofisa, mmejua kwa nini majibu huwa kama yalivyo. Hana nia mbaya. Ila kila anayeipitia rasimu anaondoa kitu, na hakuna anayeongeza. Neno lenye ukungu kwenye swali ni ruhusa ya kuondoa. Na jambo kubwa kuliko yote: huyo ofisa hajibu shida iliyo jimboni. Anajibu maneno yaliyoandikwa. Maneno yaliyoandikwa, basi.

Kwa hiyo turudi kwenye maji, tulivunjevunje lile swali.

Kwanza, muda. "Katika miaka ya hivi karibuni" si muda. "Tangu Serikali iingie madarakani" ni mtego kwenu wenyewe, kwa sababu ofisa atajumlisha miaka yote na mwaka mbaya utafichwa ndani ya jumla. Andikeni mwaka wa fedha, na kama ni mitatu, ombeni kila mwaka peke yake. Tena uwe mwaka ambao hesabu zake zimefungwa. Mkiuliza kuhusu robo ya mwaka inayoendelea, jibu halali kabisa ni kwamba takwimu bado zinakusanywa.

Pili, kitenzi. Hapa ndipo maswali mengi yanapofia. Mkiuliza ni visima vingapi "vimejengwa", mtapewa idadi ya vilivyochimbwa, vikiwemo vilivyokosa maji. Mkiuliza vingapi "vimekamilika", mtapewa vilivyokabidhiwa na mkandarasi, hata kama pampu ilikufa mwezi uliofuata. Mkitaka kujua vinavyotoa maji, semeni "vilivyokuwa vinatoa maji", na mtaje tarehe. Hayo ni majibu matatu tofauti kwa kijiji kimoja, na yote matatu ni ya kweli.

Fedha ni hivyohivyo, tena ni zaidi. Kuna fedha zilizoombwa, fedha zilizoidhinishwa na Bunge, fedha zilizotolewa na Hazina, na fedha zilizotumika. "Serikali imetenga" maana yake zimeidhinishwa kwenye kitabu cha bajeti. Hakuna shilingi iliyokwisha kusogea. Nimeona mijadala mirefu ambapo mbunge anasema mradi haujapata kitu na waziri anasema umepata mabilioni, na wote wako sahihi, kwa sababu mmoja anasoma safu ya zilizotolewa na mwingine anasoma safu ya zilizotengwa. Ombeni safu zote, kwa namba ya fungu, yaani sehemu ya wizara kwenye kitabu cha bajeti, na kasma, yaani mstari wa mradi wenyewe. Mkitaja kasma, ofisa anajua kuwa mmesoma kitabu.

Na watumishi? Msiulize kituo cha afya kina "upungufu gani". Ulizeni ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kuwepo, ni wangapi kwa kila kada, na waliokuwa wakilipwa mshahara kituoni hapo mwisho wa mwezi fulani ni wangapi. Kutoa moja kutoka kwa nyingine mtafanya wenyewe.

Tatu, mgawanyo. Jumla ya nchi nzima ni kificho kizuri. Ombeni kwa wilaya, au kwa ngazi ambayo wizara yenyewe hukusanya taarifa zake. Lakini hapa kuna tahadhari: mkishuka chini mno mnapata namba ndogo, na pale zinapohusu wagonjwa au wanafunzi, wizara itazizuia kwa haki ili mtu asitambulike. Mkishuku hivyo, panueni eneo au panueni muda, msipanue vyote viwili.

Swali letu sasa linasomeka hivi: "Je, kwa kila wilaya, katika mwaka wa fedha uliokwisha, ni visima vingapi vilichimbwa kwa kasma ya mradi uliotajwa, na kati ya hivyo, vingapi vilikuwa vinatoa maji siku ya mwisho ya mwaka huo?" Halina sifa hata moja. Halisemi "duni", halisemi "kero". Kanuni za mabunge mengi zinakataa maswali yenye hoja ndani yake, na ofisi ya Katibu italirudisha likiwa na mwandiko wa kalamu nyekundu. Lakini hata lisingerudishwa, sifa inampa ofisa kitu cha kubishania badala ya kitu cha kuhesabu.

Kuhusu malipo ya wakandarasi wa visima hivyo, andikeni swali la pili, peke yake. Swali lenye vipengele saba husubiri kile kinachochelewa kuliko vyote, na likijibiwa, kipengele kigumu ndicho kinachomezwa. Viwili, vitatu mwisho.

Kuna swali moja ninalolipenda ambalo watu hawaliulizi: "Je, Wizara inatunza taarifa za jambo hili kwa namna gani, na zilisasishwa lini mara ya mwisho?" Halina mvuto wowote. Lakini likitangulia, litawaambia rejista inaitwaje, inajazwa na nani, ina safu zipi. Swali la pili linaandikwa juu ya jibu hilo, na hapo ofisa hawezi kusema taarifa hazipo.

Sasa, kweli isiyotosha.

Mwaka 1985 Serikali ya Uingereza ililitangazia Bunge, kwa jibu la maandishi, miongozo ya kuzuia uuzaji wa zana za kijeshi kwa Iran na Iraq, nchi zilizokuwa vitani. Desemba 1988, vita vikiwa vimesimama, mawaziri watatu wa ngazi ya chini walikubaliana miongozo hiyo itumike kwa ulegevu zaidi. Bunge halikuambiwa. Wabunge waliendelea kuuliza, nao waliendelea kujibiwa kwamba miongozo ni ileile. Mwaka 1992 kesi ya wakurugenzi wa kampuni ya Matrix Churchill, walioshtakiwa kwa kusafirisha mitambo kwenda Iraq, ilivunjikia mahakamani. Jaji Richard Scott akateuliwa kuongoza uchunguzi mrefu, na ripoti yake ya Februari 1996 ikaonyesha kuwa Bunge halikupewa picha kamili. Machi 1997 mabunge yote mawili, la juu na la chini, yalipitisha azimio: waziri atoe taarifa sahihi, asahihishe kosa mapema iwezekanavyo, na anayelipotosha Bunge kwa makusudi anatarajiwa kujiuzulu.

Kwa nini nawaletea habari hii? Kwa sababu ya neno "miongozo". Maandishi ya miongozo hayakuguswa kwa kiasi cha kuwafanya waandishi wa majibu washtuke. Kilichobadilika ni jinsi ilivyotumika. Mtu aliyeuliza "je, miongozo imebadilika?" alipewa hapana. Ambaye angewapa shida ni yule ambaye angeuliza ni maombi mangapi ya leseni yaliyokubaliwa kila mwezi, kwa aina ya bidhaa, kwenda nchi ipi. Ulegevu ungeonekana kwenye hesabu hata kama usingeonekana kwenye sera. Mkitaka kujua kama sera imebadilika, msiulize sera. Ulizeni vibali, malipo, barua zilizotoka, ukaguzi uliofanyika.

Tuje kwenye chenga. Ni chache, na zinajirudia nchi zote.

Ya kwanza ni gharama. "Taarifa hizo haziwezi kupatikana ila kwa gharama isiyolingana." Uingereza wana kiwango kabisa: jibu likikadiriwa kugharimu zaidi ya pauni 850, waziri anaruhusiwa kukataa. Dawa yake ni kupunguza. Mlitaka miaka kumi? Rudini na mmoja. Mlitaka vituo vyote? Rudini na wilaya tatu. Ofisa aliyesema kazi ni kubwa hawezi kuisema tena pale mnapomwomba sehemu ya kumi yake.

Ya pili ni "rejea jibu langu la tarehe fulani". Nendeni mkalisome. Mara nyingi linajibu swali linalofanana na lenu, si lenu. Andikeni upya mkianza na "Akirejea jibu lake la tarehe fulani, je, Waziri anaweza kueleza…", na mtaje hasa safu iliyokosekana. Msilirudie swali lilelile neno kwa neno, kwani kanuni nyingi huzuia swali lililojibiwa au kukataliwa lisirudiwe kwa kipindi fulani.

Ya tatu ni suala liko mahakamani. Hiyo iheshimuni, lakini ipimeni. Kesi ya mkandarasi mmoja haifuniki mkataba wa mkandarasi wa wilaya jirani.

Ya nne ndiyo kubwa: "Hilo si la Wizara, ni la kampuni." Shirika la reli, shirika la umeme, benki ya Serikali, fedha ni za umma, lakini ukiuliza unaambiwa bodi inajitegemea. Ndugu zangu, chenga hii ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Katiba ya Ujerumani. Mwaka 2010 wabunge wa chama cha Kijani waliuliza kuhusu kampuni ya reli ya Deutsche Bahn, na vilevile kuhusu usimamizi wa mabenki. Serikali ikawajibu nusunusu na mengine ikayakataa, ikidai ni mambo ya ndani ya kampuni au ni siri. Hukumu ilitoka tarehe 7 Novemba 2017. Mahakama ilisema hisa zote za kampuni hiyo ni za dola, hivyo Serikali inawajibika mbele ya Bunge kwa shughuli zake. Na kama inataka kuficha jambo, itoe sababu zinazopimika.

Hukumu ile si sheria kwenu. Lakini hoja yake inawafundisha namna ya kuuliza. Msiulize "kwa nini shirika limenunua mabehewa haya?" Ulizeni kile ambacho waziri mwenyewe amekifanya: ametoa maelekezo gani kwa bodi na lini, amepokea taarifa gani za robo mwaka, mwakilishi wa Serikali kwenye bodi alipiga kura gani, Hazina imetoa dhamana ya mkopo kiasi gani. Hayo ni matendo ya waziri. Hawezi kusema si yake.

Sasa la mwisho, nalo ndilo linaloachwa. Jibu limekuja. Halafu?

Mwaka 1957 shirika la bima ya maisha la India, lililoundwa mwaka uliotangulia kwa kutaifisha kampuni za bima, lilinunua hisa za zaidi ya rupia milioni 12 katika kampuni za mfanyabiashara Haridas Mundhra, kampuni zilizokuwa zikiyumba. Bungeni liliulizwa swali. Jibu la kwanza lilikuwa la juujuu. Likaulizwa tena miezi michache baadaye. Desemba, Feroze Gandhi, mbunge wa chama tawala na mkwe wa Waziri Mkuu, akayachukua majibu yaliyokwisha kutolewa, akayaweka pembeni ya taarifa nyingine za ununuzi ule, na kuanzisha mjadala. Tume ya Jaji Chagla iliundwa mapema 1958, ikasikiliza ushahidi hadharani, na Februari hiyo Waziri wa Fedha, T. T. Krishnamachari, akajiuzulu.

Je, swali la kwanza lilishindwa? Hapana. Lilimfanya waziri aseme kitu mbele ya Bunge. Swali la pili lilimfanya aseme kitu kingine. Mjadala ulijengwa kwenye nafasi iliyobaki kati ya hivyo viwili.

Kwa hiyo wekeni daftari, au jedwali kwenye kompyuta, lenye safu hizi: namba ya swali, tarehe ya kuwasilishwa, tarehe jibu lilipotakiwa, tarehe lilipofika, kilichoulizwa kipengele kwa kipengele, kilichojibiwa, kilichorukwa, ahadi iliyotolewa, na tarehe ya kuikumbusha. Safu ya "kilichorukwa" ijazeni siku ileile, jibu likiwa bado linawaka mkononi. Baada ya wiki mbili mtalisoma mkaona limetosha. Maandishi ya wizara yana ulaini huo.

Safu ya ahadi nayo si ya mapambo. Waziri akiandika "upembuzi yakinifu utakamilika Juni", basi Julai tayari mna swali: ulikamilika tarehe gani, na kama haukukamilika, hatua ipi imebaki? Na chungeni kalenda ya Bunge. Kanada, kikao kikifungwa rasmi, maswali yasiyojibiwa hufa pamoja nacho, na Bunge likivunjwa kwa uchaguzi hali haiwi bora kwingine. Swali zito lisipelekwe wiki ya mwisho.

Dakika moja tu kuhusu swali ni la nani. Desemba 2005 Bunge la India liliwafukuza wabunge 11, kumi wa bunge la chini na mmoja wa bunge la juu, baada ya waandishi wa habari kuwanasa kwa kamera wakipokea fedha ili waulize maswali. Maswali yenyewe yalibuniwa na waandishi hao. Nyie wasaidizi ndio mnaoletewa rasimu na makampuni, vyama vya wafanyabiashara, hata mashirika yenye nia njema. Kupokea wazo si kosa. Lakini andikeni pembeni limetoka kwa nani, hakikisheni kila ukweli uliomo kwenye rasimu, mwambieni mbunge wenu, na kama ana maslahi yoyote, ayatangaze pale kanuni zinapotaka, kabla swali halijapelekwa. Rasimu inayomtaja mshindani kwa jina, ikiuliza kuhusu zabuni ambayo haijafungwa, irudisheni ilikotoka.

Nimemaliza upande wangu. Wenye rasimu zao zilizorudishwa na ofisi ya Katibu wazilete hapa mbele, tuzipitie moja moja.